Sindano ya Mwiba

Mwezi uliopita tulimzika Dakta Otilia kule Maguu, kando ya shamba lake la kahawa. Nikiwa kwenye kiti cha plastiki, nangoja zamu ya chakula cha msiba, nilimsikia kijana mmoja, naye daktari wa mifugo, akiwachekesha wenzake. Alikuwa ametoka ziwani kuchanja mbwa. Watu wa kule, alisema, ukiwatangazia chanjo ya kichaa cha mbwa hawatoki ndani, lakini ukiwatangazia sindano ya mwiba wanapanga foleni na mbwa wao, na vikongwe wao, na watoto wao. "Sijui nani aliwadanganya," akasema, wakacheka. Nilitamani kumzaba kibao, mzee mzima mimi, msibani. Aliyewadanganya tulikuwa tumetoka kumfukia muda si mrefu, na udongo wake ulikuwa bado kwenye viatu vya kijana yule yule. Nilikula wali wangu polepole, nikarudi nyumbani Mbinga, na tangu siku hiyo mwaka ule wa kwanza wa sindano ya mwiba haunitoki kichwani.

Habari za wazazi wangu na nilivyosoma naziruka, hazina jipya. Nianzie chumbani. Hospitali ya Dakta Otilia ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko la Mbinga, na mji mzima uliicheka. Hospitali ya mbwa na paka! Watu wenyewe wanalala wawili wawili wodini, halafu mtu amesoma mpaka Morogoro arudi kupima paka homa. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ya bati, mizani, na friji la mafuta ya taa la kutunzia chanjo. Humo tulichanja watoto wa mbwa, tukawapa dawa ya minyoo, tukawatoa kupe, tukashona majeraha ya panga na ya mitego, tukahasi madume yaliyokuwa yanapigana usiku kucha mitaani. Dakta alikuwa na msemo wake mmoja kwa kila mteja, kwamba mbwa aliyechanjwa ni ukuta wa nyumba, na wateja walimjibu kwamba mbwa aliyechanjwa anakuwa mpole na wezi wanamzoea. Chumba cha kati alilala yeye. Mimi, Skola, binti wa kazi zote niliyetoka kupata cheti cha mifugo, nililala kwenye kona ya chumba cha mbele, na ukutani nyuma ya kichwa changu kulikuwa na mlango wa chumba cha tatu, ambacho tulikiita cha kungojea.

Sikukipenda chumba kile, na sitajifanya jasiri leo kwa sababu nimezeeka. Mbwa aliyemng'ata mtu tulimfungia humo ili atazamwe. Akiwa mzima, siku za kutazamwa zinaisha anarudi kwao akitikisa mkia. Akiwa na ugonjwa, anafia humo humo. Kazi yangu ya kwanza asubuhi ilikuwa kufungua kidirisha kidogo na kuangalia bakuli la maji. Sikuangalia mbwa, niliangalia maji. Yakiwa yamepungua nilishusha pumzi, nikaenda kuwasha moto wa uji. Yakiwa pale pale nilipoyaacha jana, hata vumbi la juu halijavurugika, mwili ulinisisimka, kwa maana nilijua kuna kitu gizani mle kinachonitazama na kina kiu na hakiwezi kunywa. Mbwa wa namna hiyo wengine walirukia mlango. Walioniogopesha zaidi ni wale waliokaa kimya, taya la chini limelegea, wanakutazama kwa upole, kama wana jambo la kukueleza.

Baada ya mvua za masika kupungua, Dakta alipata ujumbe kutoka kijiji kimoja upande wa Chiwanda, kusini kabisa, karibu na mpaka wa Msumbiji. Aliuleta dereva wa lori la muhogo, kwa mdomo. Mbwa wetu hawabweki. Basi, hayo tu. Dereva mwenyewe aliona ni kichekesho, na mimi niliona hivyo hivyo, lakini Dakta aliacha kunywa chai, akaniambia nipakie barafu. Tukateremka na Landrova yake kutoka kwenye baridi ya Mbinga, tukapita Mbamba Bay kwenye joto, tukaendelea kusini kando ya ziwa kwa barabara iliyokuwa mashimo matupu. Tuliingia kijijini jua likiwa bado kali. Ninyi mmewahi kuingia kijiji ambacho gari linapita na hakuna mbwa hata mmoja anayelikimbilia? Watoto walikuwepo, kuku walikuwepo, wanawake walikuwa wanaanika usipa, dagaa wa kule, kwenye vichanja. Mbwa watatu walikuwa wamesimama kivulini mbali mbali. Walituangalia tukishuka, wala hawakusogea.

Tulifikia kwa Bibi Melania, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa na kibaraza kipana na yeye aliheshimika. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye vidole virefu kupita kawaida. Aliishi na mkwewe, mke wa mwanawe aliyekuwa kibaruani Songea, na mkwe huyo aliitwa Mama Foibe kwa jina la mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Kwa Wanyasa wa ziwani, watani wetu sisi Wamatengo wa milimani, sijapata kuona mwanamke mcheshi kuliko Mama Foibe. Nilimwamkia Bibi shikamoo, na kabla hata sijaitikiwa vizuri, mkwewe akadakia, "Karibu Mmatengo! Teremka tu, huku hakuna mlima wa kuanguka." Nilimpenda pale pale. Mbwa wao aliitwa Nyamaza. Mnajua watu wanavyowapa mbwa majina ya kuwasemea majirani, walikuwa na jirani mwenye maneno, basi kila jioni Mama Foibe alitoka uani akaita kwa nguvu, "Nyamaza! Nyamaza, we!" na jirani akasikia. Sasa Nyamaza alikuwa amelala chini ya ngazi, mate yanamtoka kwa nyuzi, mdomo wazi. Alipojaribu kubweka ilitoka sauti ya mtu aliyekabwa. "Jina limemshika," Mama Foibe akasema, na safari hii hakucheka.

Dakta hakumgusa. Alimtazama kwa muda, akaniambia kwa sauti ndogo nifunge mlango wa gari. Kisha akawageukia watu waliokuwa wameshajaa uani, akauliza kwa upole, "Jamani, tangu mbwa hawa waanze kunyamaza, kuna mtu ameumwa?" Wakatazamana. Mzee mmoja akajibu, "Hapana Dakta, hapa hatujaumwa, tuko wazima wote, tunamshukuru Mungu." Dakta akatambua kwamba neno limempeleka kwingine, akalibadilisha. "Namaanisha kung'atwa. Kuna aliyeng'atwa?" Hapana. Hakuna aliyeng'atwa. Walisema kweli, na nilipowatazama nyuso nilijua wanasema kweli. Jioni ile tulichanja mbwa wote waliokuwa bado wazima, ambao hawakuwa wengi, na Dakta akawalaza Nyamaza na wenzake walionyamaza kwa sindano ya kufa nyuma ya nyumba, wakazikwa kwa koleo, wasiguswe na mkono wa mtu.

Tulikula mapema, bado kuna mwanga. Ugali wa muhogo, mweupe, unaovutika, na mbasa wa mchuzi wa nyanya. Mbasa ni mtamu, lakini ndani yake kuna vimiiba vingi visivyo na hesabu, na sisi wa milimani tumezoea maharage ambayo hayana hila. Nilikuwa nasikiliza kinamama wakizungumza Kinyasa pembeni, nadaka neno hapa na pale, ndipo mwiba ukanishika kooni. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Mama Foibe alikufa kwa kicheko. "Maharage yamemlea vibaya! Mama, njoo, mkono wako unatakiwa." Wakanikalisha kwenye kigoda. Mama Foibe akasimama nyuma yangu, akakishika kichwa changu kwa mikono yote miwili, kidevu juu, taya wazi, imara kabisa, na Bibi Melania akanawa, akaingiza vidole vile virefu. Sikusikia hata maumivu. Akautoa, akaunyanyua kwenye mwanga, akauangalia kwa furaha ambayo sikuielewa.

"Afadhali wako nimeuona," akaniambia. "Wa hawa mbwa sijauona hata mmoja."

Dakta alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha sahanini. "Mbwa gani, Mama?"

"Wote hawa walionyamaza. Wanaletwa kwangu, taya limeanguka, mate yanatoka. Mbwa anakula matumbo ya samaki, si lazima ni mwiba? Naingiza mkono, natafuta mpaka kwenye koo. Mwiba haupo." Alivitazama vidole vyake, vilivyokuwa na mikwaruzo iliyokauka. "Naona ni mwiba wa watu wabaya. Ule usioonekana."

"Lakini tumeuliza aliyeng'atwa, Mama."

"Hawakuning'ata, mwanangu. Mbwa amelegea, atamng'ata nani? Mimi ndiye niliyeingia kinywani mwake."

Vidole vile vilikuwa vimetoka mdomoni mwangu muda huo huo. Mimi nilikuwa nimechanjwa, hilo lilikuwa sharti la Dakta siku nilipoanza kazi, na Bibi alikuwa amenawa, na akili yangu ya shule iliniambia sina la kuogopa. Hofu haisikilizi shule. Nilitoka nje nikasukutua mdomo, nikasukutua tena, na ziwa mbele yangu lilikuwa limetulia, halitoi sauti, na kijiji kizima nacho hakitoi sauti. Nilimsikia Dakta ndani akiuliza, "Na nani mwingine aliyeingiza mkono kinywani mwa mbwa?" Nikamsikia Mama Foibe akijibu bila kusita, "Hakuna, Dakta. Ni Mama peke yake. Mkono ule ni wake, sisi wengine hatukupewa."

Kazi ikawa kumchanja Bibi Melania. Dakta hakuwa wa kuchoma watu, kwa hiyo asubuhi alikwenda kumleta nesi wa kituo cha afya, na chanjo ya watu ikakaa kwenye boksi letu la barafu pamoja na ile ya mbwa. Nesi, bila kufikiri, akatamka jina lake: sindano ya kichaa. Bibi Melania akasimama, akajifunga upya kanga yake. "Kichaa wapo, na waganga wao wapo," alisema. "Mimi nikichomwa sindano ya kichaa leo, kesho nani atafungua mdomo wake mbele yangu?" Akaingia ndani. Alikuwa tayari kufa na heshima yake, na alikuwa anajua anachosema. Mtu akishaitwa kichaa ziwani au milimani, hata akipona jina halimwachi. Nesi alikasirika, akataka kuondoka. Dakta alikaa kibarazani muda mrefu, mikono magotini. Halafu akasema kwa sauti ya kumfikia aliye ndani, "Mama, si ya kichaa. Nesi amekosea. Hii ni sindano ya mwiba. Ule usioonekana."

Mlango ukafunguka kidogo. "Hiyo sawa," Bibi Melania akasema, akautoa mkono.

Miezi iliyofuata tulikuwa tunateremka ziwani kila mara, kwa kumalizia sindano zake na kuchanja watoto wa mbwa waliozaliwa. Kwa chanjo Bibi alikuwa salama, lakini alikuwa amemshika mbwa wa kwanza wiki nyingi kabla hatujafika, na Dakta aliniambia ukweli garini, kwamba hatujui nani amewahi, sindano au ugonjwa. Basi kila tukifika, nilikuwa naangalia maji. Tunakaribishwa, tunaletewa kikombe cha bati, na mimi namtazama Bibi Melania koo. Akinywa, moyo wangu unarudi mahali pake. Nadhani alijua. Siku nyingine alikiinua kikombe makusudi, akanywa kwa kelele mpaka mwisho, akakipindua chini kunionyesha, na Mama Foibe akacheka kwa sauti kubwa na kunipa ndizi. Tulikuwa tumeshakuwa marafiki. Alinifundisha kula mbasa kwa kumtafuna na meno ya mbele. Alinieleza habari za ngawa, yule paka mkubwa wa porini, aliyekuja mchana kweupe akakaa kwenye ngazi ya kanisa wakati wa mafundisho, akiwatazama watoto, hana habari, mpaka katekista akasahau sala aliyokuwa anafundisha. Nilimuuliza kama hakuogopa. Akasema aliogopa pale ngawa alipomsogelea, akataka kulaza kichwa kwenye miguu yake, kwa hiyo akakimbia na mtoto mgongoni. Nilicheka. Muda wote ule nilikuwa natazama kikombe ambacho sicho.

Tulifika tena kahawa ikiwa imeanza kuiva kwetu. Ilikuwa mchana, upepo unatoka ziwani. Mama Foibe alikuwa amepika, lakini hakuja kutupokea uani na hakunitania. Alikuwa ameketi ndani, pembeni, na dirisha la upande wa maji lilikuwa limezibwa kwa gunia. Nikadhani ni kwa ajili ya jua. Akasema hapana, ni upepo, upepo siku hizi unamkera usoni, na mawimbi yanapiga kelele. Mawimbi yalikuwa kama ya siku zote. Alitupakulia, ila yeye hakula. Bibi Melania akamwambia ale. Akajibu, "Siwezi, Mama. Nadhani nina mwiba." Akajaribu kucheka. "Na samaki sijala tangu juzi."

Bibi akainuka hapo hapo, akaomba maji ya kunawa. Nikamimina kwenye beseni. Ule mlio mdogo wa maji kuingia beseni ulimfanya Mama Foibe aruke pale alipokaa, koo likambana, macho yakamtoka, kisha likapita, akaona aibu. "Sijui nini hiki," akasema. Bibi Melania alikuwa ameshanawa, vidole vimenyooka, anatafuta mtu wa kushika kichwa. Alitazama huku na huku, kwa sababu mshikaji wake siku zote alikuwa huyu huyu aliyeketi.

"Msimguse," Dakta akasema. Sijawahi kumsikia tena na sauti ile. Kisha akapiga magoti mbele ya Mama Foibe, mbali kidogo, akamuuliza taratibu, "Mwanangu, wale mbwa. Mama alipokuwa anatafuta miiba, ulikuwa wapi?"

"Nilishika kichwa tu, Dakta," Mama Foibe akasema. "Sikuingiza mkono. Nilishika taya, basi."

Alifariki wodini, siku chache baadaye, dirisha limefungwa kwa shuka. Nilikuwepo siku ya mwisho. Aliniomba msamaha kwa kunirushia mate, mtu ambaye hakuwahi kuomba radhi kwa utani wake hata mmoja, na mimi nililia mbele yake, sikuweza kujizuia. Mpaka leo nikisikia mtu anasema kwamba ugonjwa ule unamwondolea mtu akili, nakasirika. Akili zake zilikuwepo. Aliuliza mtoto amekula nini. Na ili msomaji asihangaike, niseme mapema kwamba Foibe yupo, ni mama mwenye watoto wake, anaimba sauti ya kwanza kwaya ya Mbamba Bay na anagombana na kila mwalimu wa kwaya anayekuja.

Baada ya mazishi tulirudi na nesi na boksi la barafu. Uani walikuwa wamejaa, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuteremka kule, mbwa walitubwekea, wale watoto wa mbwa tuliowachanja. Dakta alisimama kibarazani akiwa amekonda. Hakuuliza aliyeumwa, hakuuliza aliyeng'atwa, hakuuliza aliyeingiza mkono. Aliuliza, "Siku zile za miiba, nani alikuwepo?" Watu wakaanza kusogea mmoja mmoja, kwa aibu, aliyemfunga mbwa kamba, aliyemletea Bibi kitambaa, aliyemfuta mbwa wake mate kwa huruma. Foleni ikazunguka nyumba. Niliposhika mkono wa kila mmoja ili nesi achome nilikuwa nahesabu moyoni watu ambao tungewazika.

Bibi Melania hakupanga foleni, yeye alikuwa amemaliza zake. Aliingia ndani, akatoka amembeba mjukuu wake. "Huyu alikuwa mgongoni mwa mama yake," alisema. "Mbwa mmoja alitikisa kichwa, mate yakaruka, mama yake akampangusa uso." Nesi alisogea, nami nikanyoosha mikono nimpokee mtoto, ndiyo ilikuwa kazi yangu pale. Bibi hakunipa. Aliketi kwenye kigoda, akamlaza Foibe mapajani, akakishika kile kichwa kidogo kwa vidole vyake virefu vyote, imara. Mtoto akapiga kelele. Bibi hakumwachia mpaka sindano ilipotoka, ndipo akainua uso akamtazama Dakta, machozi yanashuka.

"Kuanzia leo," akasema, "anayeshika naye mumhesabu."